Papai Lilikuwa na Jina, Marehemu Hakuwa na Ugonjwa

Jamani, hebu sogeeni hapo kwenye benchi nikae, maana leo nimekuja nimejaa mpaka kooni. Muuza kahawa, mwanangu, nimiminie kikombe kimoja kichungu na kashata mbili, mniache niseme. Miaka imepita, barakoa zimeozea kwenye droo, zile ndoo za koki tulizonawia mikono siku hizi zinahifadhi unga, na bado watu wazima wenye ndevu wanakaa hapa tangu magharibi wakibishana kama Tanzania iliishinda korona au ilishindwa. Loo! Jana kidogo washikane mashati.

Aliyechokoza ni fundi wa pikipiki. Kasimama na spana yake mkononi kama hakimu na rungu. Anasema sisi ndio tuliokuwa na akili duniani: wenzetu walijifungia ndani wakila akiba, sisi tukala ugali wetu, soko la Kariakoo likauza, na hatukufa. Mwalimu mstaafu akavua miwani. Mkimwona mwalimu kavua miwani mjue kaudhika. Akauliza: "Hatukufa wangapi, bwana fundi?" Fundi akajibu wengi. Mwalimu akasema waliokufa nao walikuwa wengi. Wengi kwa wengi, hivyo hivyo, mpaka isha ikakaribia. Nikabaki nasonya.

Sasa mimi simbezi fundi. Hoja zake zina miguu. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, akitokea Ubelgiji kwa ndege kushukia Kilimanjaro. Kesho yake shule zikafungwa, mikusanyiko ikapigwa marufuku, ligi ya mpira ikasimama. Lakini misikiti na makanisa yakabaki wazi, masoko wazi, na hakuna askari aliyemfukuza mtu na kirungu eti saa imepita. Kufikia Juni vyuo na kidato cha sita walikuwa wamesharudi, na tarehe 29 mwezi huo watoto wote wakarejea shuleni. Angalia majirani: Kenya watoto wengi hawakuliona darasa mpaka Januari 2021, na Uganda shule hazikufunguka zote mpaka Januari 2022. Karibu miaka miwili, jamani! Mtoto kaingia likizo yuko darasa la tatu, anatoka sauti imekwaruza na ndevu zinachungulia. Nairobi nako, siku za mwanzo za amri ya kutotoka usiku, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya kwao. Hayo fundi anayakumbuka na ana haki ya kuyasema. Mama lishe wetu wa hapo kona alinambia wazi: ningefungiwa wiki mbili, wanangu wangelala njaa siku ya tatu. Nani atambishia? Yeye akiba yake ni sufuria la jana.

Na uchumi, takwimu za serikali zinasema mwaka 2020 ulikua kwa asilimia 4.8, wakati wa Kenya ulisinyaa kidogo. Ingawa, aah, waulize waongoza watalii wa Arusha. Mwaka 2019 walipokea wageni milioni moja na nusu, mwaka uliofuata wakaja laki sita na ushei. Wewe umeacha mlango wazi, mgeni kafungiwa kwao. Utamkaribisha nani?

Lakini mbona fundi hataki kukumbuka mambo mengine? Mbona kumbukumbu yake ina mapengo kama meno ya bibi?

Kweli tumesahau vituko vyetu, au tunajisahaulisha? Mmesahau siku za levo siti, konda anapakia abiria waliokaa tu mpaka mbele ya trafiki, akishavuka anafungua mlango na kuwashindilia wengine kama dagaa? Mmesahau barakoa moja ikiingiza watu wanane benki? Mlinzi anasema bila barakoa huingii, basi anayetoka anaivua, anamrushia anayesubiri nje, naye anaivaa ikiwa bado ina joto la pua ya mwenzake! Na wale walioivalia kidevuni, kidevu kikawa salama salimini, pua inaning'inia nje inapokea kila kinachokuja. Mmesahau ndimu na tangawizi zilivyopanda bei mpaka watu wakawa wananunua kipande?

Na nyungu. Lahaula, nyungu! Majani ya mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, kila kilichokuwa kijani mtaani kilichumwa. Nyumba ya jirani yangu waliingia watano chini ya blanketi moja, baba, mama, watoto wawili na mjomba aliyekuja kusalimia tu. Mjomba akakohoa, mguu ukagonga sufuria. Kelele alizopiga mtaa wote ulitoka nje. Akapelekwa zahanati kwa ajili ya mguu uliobabuka, na huko alikaa foleni moja na waliokuwa wanakohoa. Sicheki, ingawa siku ile nilicheka. Kujifukiza tumekurithi kwa bibi zetu, na mtu aliyebanwa na mafua anapata nafuu. Kilichoniumiza ni nafuu kuitwa kinga. Waziri wa mambo ya nje alipanda ndege mpaka Madagascar kuchukua dawa ya mitishamba, taasisi yetu ya utafiti ikatoa NIMRCAF, na kila mganga wa chupa ya soda akajiona profesa. Hapa kijiweni palikuwa na kijana anauza maji ya vitunguu na pilipili, kachora na virusi kwenye lebo. Virusi vinalia!

Sasa niacheni nifike kwenye papai, maana hapo ndipo roho yangu inapochomeka.

Tarehe 3 Mei 2020, Rais Magufuli akiwa Chato alitueleza kwamba zilipelekwa sampuli za siri maabara ya taifa. Papai likapewa jina la mtu na umri wake, mbuzi naye, fenesi naye, mpaka oili ya gari ikabatizwa. Papai likarudi na korona, mbuzi naye akarudi nayo. Nchi nzima ikaangua kicheko. Hapa benchini mtu alilia machozi kwa kucheka, papai mgonjwa, litengwe wapi, kwenye friji? Mkuu wa maabara akasimamishwa kazi. Wala siulizi kama mashine ilikuwa mbovu. Tuseme ilikuwa mbovu. Enhe, halafu? Mizani ya muuza nyama ikidanganya, tunawaita Wakala wa Vipimo waje waipime, waigonge muhuri, nyama iendelee kuuzwa kwa kilo. Nani amewahi kusema basi, kuanzia leo nyama itauzwa kwa macho? Sisi ndivyo tulivyofanya. Hesabu yetu ikasimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, ikaganda hapo kama saa ya ukutani iliyoisha betri, zaidi ya mwaka mzima. Mwezi Juni tukaambiwa korona imeondoka kwa maombi. Mimi niliomba, na leo naomba. Maombi hayajawahi kumkataza mtu kuhesabu. Mchungaji anajua idadi ya kondoo wake, na shehe anajua safu ngapi zimejaa Ijumaa.

Halafu fundi ananiletea Sweden! Eti hata Wazungu wa Sweden hawakufunga, na wakatoboa. Mmh. Kaka, Sweden umeisikia nusu. Kweli, yule mtaalamu wao Anders Tegnell hakuwafungia watu ndani, na shule za watoto wadogo hazikufungwa. Lakini mikusanyiko ya zaidi ya watu 50 waliizuia tangu Machi 2020, sekondari za juu na vyuo wakasomea nyumbani, na kuwatembelea wazee kwenye makao yao kukapigwa marufuku. Na wazee hao hao wakafa kwa wingi, mpaka mfalme wao, Carl XVI Gustaf, Desemba 2020 akatoka hadharani akasema wameshindwa. Mfalme! Tume walikuwa wameshaiunda, na ripoti yake ya mwisho ikatoka Februari 2022: kutowafungia watu ndani kulikuwa sahihi kwa sehemu kubwa, ila mwanzoni serikali ilichelewa na ilitakiwa kufanya zaidi. Leo ukipiga hesabu ya vifo vilivyozidi kawaida kwa miaka mitatu, Sweden iko na nchi za Ulaya zilizoumia kidogo. Mfalme alisema tumeshindwa, hesabu ikaja baadaye ikasema hapana, si kwa kiasi kile. Unaona? Wao pia wanabishana mpaka leo, lakini wanabishana na daftari mezani. Kila maiti ana mstari wake. Sisi tunabishana na daftari tulilolifunga wenyewe, tukalikalia.

Tena Msweden wa katikati ana miaka kama 41. Mtanzania wa katikati ana kama 18. Ugonjwa unaowabana zaidi wazee ukiingia kwenye nyumba ya vijana watupu utapita na wachache, hata baba mwenye nyumba akiwa amelala. Huo ujana wetu ndio huenda ulitubeba, na hatuwezi kujua ulitubeba mpaka wapi, maana hata kabla ya korona wengi kwetu wanazikwa RITA, wakala wa usajili wa vifo, haina habari. Shirika la Afya Duniani lilipokadiria vifo vya dunia nzima vilivyozidi kawaida mwaka 2020 na 2021 kuwa karibu milioni 14.9, kwa nchi zisizo na daftari la vifo lilibidi likisie.

Januari 2021, hapo hapo Chato, tukaambiwa tusizikimbilie chanjo. Januari hiyo hiyo kaburi la kwanza likachimbwa mtaani kwetu, na lingine, na lingine. Mnakumbuka. Msinitazame hivyo, mnakumbuka. Tulikuwa tunatoka msibani huku tunaingia msibani kule, turubai la kukodi halikunjwi. Unauliza, marehemu alisumbuliwa na nini? "Changamoto ya kupumua." Na huyu? "Nimonia." Na yule? "Alibanwa tu ghafla." Tukawa na ugonjwa mmoja wenye majina matano, na jina lake halisi hakuna anayelitamka, tunalizungukia kama nyoka uani. Papai lilipewa jina la binadamu, binadamu wakanyimwa jina la kilichowaua!

Maalim Seif, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, chama chake kilithubutu kusema ana korona, na tarehe 17 Februari akatutoka. Siku hiyo hiyo akafariki Balozi Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 17 Machi, Rais mwenyewe. Serikali ilisema moyo, na mimi sina cha kuongeza kwenye msiba wa mtu. Ila nitawasifu Baraza la Maaskofu, maana padre katibu wao alisimama akasema ndani ya miezi miwili wamezika mapadre zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60. Kanisa lilihesabu watu wake, tena lilihesabu wakati kuhesabu kulionekana ni ukorofi.

Baadaye Rais Samia akaunda kamati, takwimu zikarudi, na tarehe 28 Julai akachomwa sindano mbele ya kamera. Wale wale waliokuwa wanawacheka wavaa barakoa wakawa wauza barakoa. Hapa hapa kuna mzee alikuwa anahubiri kwamba chanjo inageuza damu, hadi siku alipotaka kwenda Dubai kuleta mzigo. Alichanja alfajiri, kajifunika kanzu mpaka kichwani kama bi harusi. Hesabu rasmi ya vifo nchini mpaka mwisho ikafika 846. Mwalimu akiisikia hiyo namba hucheka kwa uchungu, fundi huishika kama ngao. Namba iliyokosa mwaka mzima katikati, na wawili wote wanaipigania!

Jana, kabla ya isha, nikawauliza swali la mpira. Derby ya tarehe 8 Machi 2020, siku nane kabla ya mgonjwa wa kwanza? Benchi zima kwa sauti moja: Yanga moja, Simba bila, mpira wa adhabu wa Morrison. Na ya Julai, nusu fainali ya kombe? Simba nne, Yanga moja! Mpaka nani alitoa pasi. Nikawauliza: haya, na mzee wetu wa drafti aliyekuwa akikaa hapo ulipokaa wewe fundi, alikufa tarehe ngapi, na kwa ugonjwa gani?

Kimya. Muuza kahawa akaacha kugonganisha vikombe.

Fundi akasema, kwa sauti ndogo, ilikuwa Februari. Mwalimu akasema hapana, Januari mwishoni, maana alimchangia sanda na mshahara wa pensheni ulikuwa haujaingia. Nikachukua ubao wa drafti, nikavifagia vizibo vyote kando, nikaweka kimoja katikati. Huyo mzee. Mwalimu akaweka cha pili: mama wa duka la mkaa. Cha tatu dereva wa lori, cha nne mdogo wake. Fundi akakaa kimya muda, halafu akaweka cha tano, shemeji yake, ambaye miaka yote hii ametuambia alikufa kwa presha. Hatukumuuliza kitu. Tukafika kizibo cha tisa. Cha kumi wakaanza kubishana kama ni wa mtaa wetu au wa ng'ambo ya barabara, na muuza kahawa akasema kiwekwe tu, yule alikuwa akinywa kahawa hapa.