Namna ya Kumshangilia Rais wa Wenyewe Ukiwa Mlandege

Kwanza jipatie nafasi kwenye benchi. Matokeo ya urais wa nchi ya watu yanachukua muda, hayapokelewi kwa kusimama, na pale soko la Mlandege, hapa Iringa, benchi la muuza kahawa huwa limeshajaa kabla hujafika. Salimia kwa zamu, "Kamwene," agiza kikombe chako, ndipo uulize Pennsylvania imekwenda kwa nani. Ukianza na Pennsylvania kabla ya salamu, wazee watakujibu vibaya na watakuwa na haki.

Pili, panga saa zako. Marekani wanapofunga vituo jioni, Iringa inakaribia kukucha. Ndiyo maana ushindi wa Barack Obama wa mwaka 2008 uliingia hapa saa moja asubuhi ya tarehe 5 Novemba, watu wakiwa na chai mkononi. Kesho yake Rais Kibaki akawapa Wakenya mapumziko ya kitaifa, na haikuchukua muda picha ya Obama ikawa kwenye kanga. Ule wa Donald Trump wa mwaka 2024 ulitangazwa na mashirika ya habari saa saba na nusu mchana kwa saa zetu, mizani ya mahindi ikiwa kazini. Kama una duka, mweke mtu wa kukushikia. Mteja aliyekuja kununua maharage hakuja kuulizwa habari za Wisconsin.

Tatu, jifunze hesabu za wenyewe kabla ya kubishana. Marekani kuna kura 538 za wajumbe, na anayefikisha 270 ndiye rais. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Trump kwa kura zaidi ya milioni 2.8 za wananchi na bado akashindwa. Kwa hiyo mzee atakayesema "mbona mwenye kura nyingi ndiye kaanguka?" ameona sawasawa. Mweleze polepole, usimcheke.

Wakenya wametupa shule nzuri zaidi. Mwaka 2022 tume yao ya uchaguzi iliziweka fomu namba 34A za matokeo ya vituo zaidi ya 46,000 mtandaoni, kila mtu azione. Palepale Mlandege kijana mwenye simu na bando angeweza kusoma fomu ya kituo cha Turkana na kujumlisha mwenyewe. Basi fanya hivyo. Anayesema "wameiba" na anayesema "hawajaiba" wote waonyeshe fomu. Tarehe 15 Agosti mwenyekiti wa tume, Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga, huku makamishna wanne kati ya saba wakiyakataa matokeo hayo, na tarehe 5 Septemba Mahakama ya Juu ikayathibitisha. Miaka mitano nyuma yake, tarehe 1 Septemba 2017, mahakama hiyohiyo ilikuwa imeufuta ushindi wa Uhuru Kenyatta. Kwa uchaguzi wa Kenya, kuku wa sherehe asichinjwe mpaka zipite siku saba za kufungua kesi na 14 za kuiamua. Mfungie bandani, mpe pumba.

Na ukiwasifu majaji wa Nairobi, usikome hapo. Waambie wenzako benchini kwamba Ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa rais akishatangazwa na tume, na kwamba mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha kwetu, iliamua kuwa kifungu hicho kinavunja haki. Hapo mazungumzo yatabadilika, na ni vizuri yabadilike.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniumiza zaidi. Tunazijua kaunti za Georgia kuliko tunavyoijua Lilongwe. Wapo watu wa Mbeya, mwendo wa saa chache tu kutoka mpaka wa Kasumulu, ambao wangekutajia makamu wa Trump usingizini lakini hawajui kwamba Septemba 2025 Peter Mutharika alirudi Ikulu ya Malawi akimshinda Lazarus Chakwera, na kwamba Chakwera alikubali kushindwa. Ni Chakwera yuleyule aliyeingia madarakani baada ya majaji wa Malawi kuufuta uchaguzi wa 2019, ambao fomu zake zilikuwa zimefutwafutwa kwa wino mweupe. Mkasa kama huo ungetokea Florida, Mlandege isingelala.

Na kinachoamuliwa kule kinafika kwenye gunia lako. Machi 2025 serikali ya Malawi ilizuia mchele, unga, tangawizi, ndizi na mahindi kutoka nje, yakiwemo ya kwetu. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, mpaka mazungumzo yalipofungua tena njia. Muulize mkulima wa ndizi wa Rungwe au mchuuzi wa mchele wa Kyela kama rais wa Malawi hamhusu. Kwa hiyo ukimshangilia mgombea wa jirani, jua kwanza amesema nini kuhusu mpaka. Sura nzuri na hotuba tamu ziache kwa wenyewe wanaompigia kura.

Hata Marekani, ukiwafuata, wafuate kwa sababu ya maana. Tarehe 20 Januari 2025 Trump alisaini amri ya kusimamisha misaada ya nje kwa siku 90. Utafiti wa mwaka 2022/23 ulionyesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati taifa zima ni 4.4. Kliniki zetu nyingi za CTC, zinazowahudumia wenye VVU, zimetegemea fedha za PEPFAR, mpango wa Marekani wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003 chini ya George W. Bush. Aliyeshangilia Novemba na aliyesikitika wote walikuwa na ndugu kwenye foleni ileile ya dawa. Siku kama hiyo acha ubishi wa Simba na Yanga, nenda kamuulize nesi kama dawa zipo na kama tarehe za kliniki zimebadilika, kisha mpelekee jirani jibu sahihi kabla uvumi haujamfikia.

Oktoba 2025 ilikuwa zamu yetu kutazamwa. Intaneti ilizimwa, watu waliuawa, na tume ikamtangaza Rais Samia Suluhu Hassan kwa asilimia 97.66. Waangalizi wa SADC na wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi haukufikia viwango walivyojiwekea. Ninaloomba kwa mtazamaji wa nje ni lile ambalo kila familia yenye mtu Mwanza au Dar es Salaam ililihitaji siku zile: aulize kwanza kama watu ni wazima, asilimia atazijadili baadaye. Nasi tuwafanyie wenzetu hivyohivyo. Damu ikimwagika Kisumu au Kampala, utani wa benchini usimame.

Zambia wamepanga kupiga kura tarehe 13 Agosti 2026. Anza maandalizi mapema. Jua kwamba mshindi anatakiwa kupita nusu ya kura, la sivyo wanarudia. Jua kwamba Hakainde Hichilema alishinda 2021 kwa jaribio lake la sita. Kumbuka kwamba ukame ulipowapiga 2024 tulikubaliana kuwauzia tani 650,000 za mahindi, na nyanda zetu hizi zinayajua mahindi hayo. Kisha shuka Ipogolo, malori ya Tunduma yanapopita, uchukue namba ya dereva mmoja anayeaminika. Usiku wa matokeo mpigie umuulize foleni ya Nakonde, upande wa Zambia wa mpaka, ikoje na unga unauzwaje, ndipo umuulize nani anaongoza.