Duara la Bosi

Ofisini kwetu Mikocheni unaweza kuchelewa, ukasingizia foleni ya Mwenge, na Bosi akakusamehe. Unaweza hata kula chapati yake aliyoiacha kwenye friji, mkayamaliza kwa utani. Lakini ukimpelekea mchoro wenye alama zile zile zilizokuja na programu, anazotumia kila mtu kuanzia Chicago hadi Chanika, hapo umemtukana. "Huu mchoro hauna mwenyewe," atasema, huku akikurudishia karatasi yako ya A1 kwa ncha za vidole.

Wasioujua mchezo huu niwaeleze. Ramani ya nyumba si kuta na milango tu. Imejaa vidude: viduara vyenye herufi vinavyoonyesha nyumba imekatwa wapi ili uione kwa ndani, pembetatu za kimo cha sakafu, namba za milango, mshale wa kaskazini. Sisi tunatumia programu ya Revit, na humo kila kidude kina faili lake linaloitwa familia. Ukitaka kubadili kichwa cha alama ya mkato, unafungua familia yake, unachora upya, unaipakia kwenye mradi, unaingia kwenye mipangilio kuunda aina mpya ya alama, ndipo uiambie mikato itumie aina hiyo. Alama ya elevesheni, yaani mchoro wa sura ya nyumba kwa nje, ni korofi zaidi: kiwiliwili chake ni familia, na mshale wake ni familia nyingine iliyopangishwa humo humo. Kama ilivyo kwa bibi harusi anayeishi kwa wakwe, hakuna kinachosogezwa bila kikao.

Bosi anayapenda haya. Mteja anasubiri ngazi, yeye anapima mstari wa duara uwe na unene wa milimita 0.25 au 0.35.

Basi tukaletewa kijana wa fildi, mtoto mzuri, msafi kupindukia. Akakabidhiwa ramani ya Mama mmoja mstaafu aliyekuwa akijenga nyumba za kupangisha kwenye kiwanja chake, humu humu Mikocheni. Kijana akaona viduara vinne vimesimama nje ya nyumba, kila upande kimoja, akaviona uchafu. Akavichagua, akavifuta. Programu haikumficha kitu; ilimwonya kwamba michoro inayotokana na alama hizo nayo itafutika. Akabonyeza OK kwa kidole kile kile kinachokubali masharti ya simu bila kuyasoma. Elevesheni zote nne zikaenda, na vipimo vyake, na maelezo ya rangi, na yule mtu wa kivuli tuliyemsimamisha barazani ili watu waone urefu wa mlango. Nyumba ikabaki na vyumba, paa na choo cha wageni, ila sura haina. Kisha akahifadhi faili, akalifunga na kupanga meza yake.

"Dada," akaniuliza baadaye, kwa sauti ya chini, "hivi mbele ya nyumba huwa panakaa wapi?"

Bosi hakugomba. Uso wake uling'aa, jambo lililotutisha zaidi. Kwa kuwa elevesheni zinaanza upya, akasema, alama zote zianze upya, na ule mshale wa kaskazini usiwe mshale tena. Uwe mkoche, mti uliolipa eneo letu jina. Akauchora kwa mkono, tukauskani, ukageuzwa familia. Ulikuwa mzuri, siwezi kumnyima haki yake. Shida ni kwamba mkoche si mnazi. Mnazi hupanda juu na kichwa kimoja. Mkoche hugawanyika njiapanda, na kila tawi likagawanyika tena.

Mama alipoletewa ramani alivaa miwani, akaivua, akaifuta kwa kanga, akaivaa tena.

"Mwanangu, kaskazini ni kichwa kipi?"

Bosi akamwonyesha cha katikati. Hakikuwepo cha katikati.

Na Mama hakuwa akitania. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mwezi wa sita jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na mwezi wa kumi na mbili huhamia kusini kidogo. Ukikosea dirisha, mpangaji atakulaani kila akinunua umeme wa kiyoyozi. Revit yenyewe ina kaskazini mbili, ya mradi, inayofuata karatasi, na ya kweli, inayofuata dunia. Sisi tulikuwa na nne, zote za makuti. Mama akaona asipoteze muda. "Bahari iko huku," akasema, akinyoosha mkono kuelekea Msasani. "Na upepo unatoka huko huko. Vyumba vielekee huko." Elevesheni zikachorwa kwa kufuata mkono wa Mama.

Mkoche uliondolewa. Duara jipya la mkato likabaki, maana hilo Bosi aliapa halina kasoro: jeusi tii, lenye herufi A nyeupe ndani, moja kila mwisho wa mstari wa mkato, nje ya kuta. Kwenye karatasi lilikuwa na upana wa milimita 12. Kwa kipimo cha 1:100 hiyo ni mita 1.2 ardhini, yaani shimo la maji machafu la heshima kabisa.

Nilifika saiti asubuhi. "Shikamoo fundi."

"Marahaba, Injinia. Umekuja wakati mzuri." Akanipeleka getini, ambako vijana wawili walikuwa wanatoa mchanga kwa ndoo na kamba. "Hili shimo A tumeshashuka mita mbili, maji yameanza kuchungulia. Ila lile A la pili nimelipima na kulipima, naona linaangukia kwa jirani, chini ya banda lake la kuku. Nikaona nisimguse, nikungoje uje uongee naye wewe."

Nikapiga picha, nikamtumia Bosi kwa WhatsApp bila neno. Tiki zikageuka bluu. Alikaa kimya muda mrefu, nadhani alikuwa akiikuza picha kwa vidole.

"Lakini umeona," akaandika, "duara lilivyotoka?"