Mhadhara Mkuu wa Mtaalamu Kuhusu Utafiti wa Kijamii, Uliotolewa kwa Manufaa ya Watu wa Kabuchai

Utafiti wa kijamii ni taaluma ya kuwauliza watu mambo wanayoyajua wao wenyewe, kuyaandika kwa lugha wasiyoielewa, na kuyafungia ndani ya jalada la bluu ambalo halitarudi kijijini. Ufafanuzi huu ni wa Mtaalamu mwenyewe, ambaye sifa zake hazina haja ya kutajwa hapa kwa kuwa zimechapishwa kwenye kadi yake, pande zote mbili. Itoshe kusema kwamba kutoka Chwele hadi Mukuyuni, na kutoka Nalondo hadi Luuya, hajatokea mtu wa kumpinga, jambo ambalo Mtaalamu amelipokea kuwa ushahidi wa kisayansi, bila kujali uvumi kwamba huenda hajatokea pia mtu wa kumwuliza. Vitabu vya wengine hudai kwamba utafiti ni kutafuta, kwa utaratibu unaoweza kukaguliwa, jibu la swali ambalo jibu lake bado halijajulikana. Ufafanuzi huo ni wa hatari, kwa sababu unamweka mtafiti katika uwezekano wa kushangazwa, na mtu mwenye cheo hapaswi kuonekana hadharani akishangaa.

Hatua ya kwanza katika kusanifu utafiti, yaani kuupangia umbo lake kabla mtu hajatoka nyumbani, ni kuandika hitimisho. Wanaoanza na dhanatete, ambayo ni kauli ya makisio kuhusu uhusiano wa mambo mawili, inayowekwa mbele ili ipimwe na iachwe ikishindwa, hawakosei sana, ila sehemu ile ya kuiacha ikishindwa inaonekana kuwa ilibuniwa na watu wasio na wafadhili. Madhara yake yalijitokeza waziwazi katika Bungoma, kaunti ya Kenya ambamo Kabuchai imo, pamoja na Kakamega na Vihiga, ambako kuanzia mwaka 2012 jopo la watafiti liliandikisha kina mama wajawazito zaidi ya 8,000 na kuvigawa vijiji vyao kwa kura. Wengine waliletewa klorini ya kutibu maji, wengine wakaboreshewa vyoo, wengine wakapewa vifaa vya kunawia mikono, wengine lishe ya nyongeza kwa watoto, wengine mchanganyiko wa hayo, na wengine wakawa kundi la kulinganishia, yaani wale wasiopata huduma inayopimwa ili ijulikane mambo yangekuwaje bila huduma hiyo. Kila mwenye akili timamu, Mtaalamu akiwa mstari wa mbele, alilijua jibu kabla kura haijapigwa. Hata hivyo mwaka 2018 watafiti hao walitangaza, kwa utovu wa nidhamu usiosameheka, kwamba maji, vyoo na kunawa mikono havikupunguza kuhara kwa watoto wala havikuwaongezea ukuaji, na kwamba lishe ndiyo iliyosaidia ukuaji, tena kwa kiasi kidogo.

Miaka yote hiyo, kisha wakakubali kuambiwa hapana! Mtaalamu angeimaliza kazi hiyo alasiri moja kwa kuwauliza kina mama watano waliosimama kwenye chemchemi kama maji safi ni mazuri, nao wangejibu kuwa ni mazuri sana, na asilimia 100 ni tarakimu inayopendeza kwenye ukurasa wa kwanza. Wapo wanaonong'ona kwamba jibu lile la kukatisha tamaa ndilo lililowafanya watu wa afya wajiulize kama hatua nyepesi za aina hiyo zinatosha mahali ambapo mtoto anatambaa kwenye uwanja mmoja na kuku na ng'ombe. Mtaalamu anawaonea huruma.

Katika kaunti jirani ya Busia mambo yalikuwa mabaya vilevile. Shule za msingi 75 ziligawanywa katika makundi matatu ya shule 25, dawa za minyoo zikaanza kutolewa kwa kundi la kwanza mwaka 1998, la pili 1999 na la tatu 2001, ili wale wanaongoja zamu yao wawe kipimo cha wale waliokwisha kupata. Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha matokeo mwaka 2004, wakionyesha kwamba utoro shuleni ulipungua, na baadaye data zenyewe zikakabidhiwa watu wengine, ambao mwaka 2015 walizichambua upya na kuzua mabishano makali. Mtaalamu hajapata kusikia uzembe wa kiwango hicho. Data, yaani taarifa ghafi zilizokusanywa kabla ya kufanyiwa uchambuzi, hukaa chini ya kitanda cha mwenyewe ndani ya sanduku lenye kufuli. Kremer alituzwa Nobeli ya Uchumi mwaka 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, kwa sababu ya mbinu hizo hizo za majaribio. Mtaalamu bado hajatuzwa, na anachukulia kwamba barua yake ilipotelea njiani.

Baada ya hitimisho kuandikwa, mtafiti huingia katika suala la vipimo, ambalo wanagenzi hulikuza kupita kiasi. Chukua neno kaya. Makarani wa sensa ya mwaka 2019, ile iliyoihesabia Bungoma watu 1,670,570, walifundishwa kuihesabu kaya kuwa ni watu wanaoishi katika boma moja, wanaoshirikiana katika mapishi na kumtambua mkuu mmoja, hata kama hawalali nyumba moja. Maelezo hayo yanasomeka vizuri mpaka karani afike kwenye boma la mzee mwenye wake wawili, kila mmoja na jiko lake na shamba lake, na kijana aliyetahiriwa ambaye amejengewa simba yake, yaani kibanda cha kijana asiyeoa, pembeni, analala huko, anakula kwa mama mdogo siku za juma na kwa mamake mzazi Jumapili, na anamtambua baba kuwa mkuu pale tu baba anapokuwa na ada ya shule mkononi. Hapo pana kaya moja, mbili, au mbili na nusu? Mtafiti wa kawaida hukaa chini, akauliza nani anapika, nani anakula, chakula kinatoka ghala gani, kisha akaandika kanuni aliyoitumia ili mwenzake wa kijiji cha pili aitumie hiyo hiyo. Mtaalamu huhesabu mabati yanayoonekana kutoka barabarani.

Suala la mavuno ni hivyo hivyo. Hojaji, yaani orodha ya maswali yaliyoandikwa ili kila mhojiwa aulizwe jambo lilelile kwa namna ileile, huuliza kwa kawaida ni kilo ngapi za mahindi zilizovunwa, na mkulima wa Kabuchai, ambaye hajapata kuvuna kilo hata moja maishani mwake, kwa kuwa yeye huvuna magunia na kuuza kwa gorogoro, hutoa tarakimu yoyote ili mgeni aridhike na aende zake. Gunia linadhaniwa kuwa la kilo 90, na gorogoro, mkebe ule uliopata kuwa wa mafuta ya kupikia, linadhaniwa kuwa la kilo 2, hivyo magorogoro 45 yanapaswa kulijaza gunia moja. Lakini anayesimama kidogo sokoni Chwele ataona kwamba lipo gorogoro la kununulia na lipo la kuuzia: moja huteka mpaka nafaka zisimame kama kichuguu na kumwagika pembeni, na jingine limegongwa kitako kikaingia ndani, ili mkono wa muuzaji uonekane mkarimu huku mkebe ukibana. Mahindi mabichi yaliyochomwa na kuchemshwa tangu Julai, wakati ghala za mwaka uliopita zimekwisha kufagiliwa, hayaingii katika gunia lolote, ingawa ndiyo yaliyoivusha familia. Hapa wanagenzi huchomoa istilahi zao mbili: utegemeko, yaani sifa ya kipimo kutoa jibu lilelile kila kinapotumiwa kwa kitu kilekile, na uhalali, yaani sifa ya kipimo kupima kweli kile kinachodaiwa kupimwa. Mkebe uliogongwa kitako una utegemeko kamili, maana hupunja kwa kiasi kilekile kuanzia asubuhi hadi jioni, na hauna uhalali hata chembe. Mtaalamu anautumia mkebe huo huo, kwa hoja kwamba kosa linalorudiwa bila kubadilika ni msimamo.

Kuhusu sampuli, yaani sehemu ndogo ya watu wanaochaguliwa ili majibu yao yasimame kwa niaba ya wote, wapo wanaosisitiza sampuli nasibu, ambamo kila mtu katika jamii inayochunguzwa hupewa nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa, kwa kutumia orodha kamili na kura isiyompendelea mtu. Njia hiyo ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba kura haijali matope, na jina linaweza kumwangukia ajuza anayeishi ng'ambo ya mto, mahali ambapo hata bodaboda hukataa baada ya mvua. Mtaalamu aliokolewa na kitabu cha Robert Chambers, Mwingereza aliyepata kuwa ofisa wa utawala nchini Kenya, ambaye mwaka 1983 aliorodhesha mazoea ya wageni wanaozuru vijiji: hushika barabara ya lami, huzuru penye miradi, huonana na wanaume, viongozi na wenye afya, hufika wakati wa kiangazi, na huona haya kuuliza lisilopendeza. Inasemekana kwamba Chambers aliyaandika hayo kama maonyo. Mtaalamu aliyasoma kama ratiba, na tangu hapo sampuli yake imekuwa wenye maduka wa kando ya lami pale Chwele, mwenyekiti wa kikundi kilichofadhiliwa, na mwalimu mmoja mstaafu anayependwa na watafiti wote kwa sababu ana viti vya kutosha. Kwamba watu walioshikwa na njaa ya Juni hawaonekani katika ripoti iliyokusanywa Januari, wakati ghala zimejaa, ni dalili nyingine ya maendeleo.

Namna ya kuuliza nayo ina adabu zake. Swali elekezi, yaani lile linalobeba jibu lake mgongoni, hukatazwa na vitabu, ilhali hakuna swali linaloleta umoja wa wananchi kama lile lisemalo, "Je, mradi wetu umekusaidia sana au umekusaidia sana mno?" Lifaalo zaidi ni kuliuliza mbele ya liguru, mzee wa kijiji, ambaye ndiye anayepeleka majina ya wanaostahili msaada, kwani mhojiwa aliye chini ya macho yake hujibu kwa uwazi wa kupigiwa mfano. Wanagenzi huliita jambo hili upendeleo wa kuridhisha, yaani tabia ya mhojiwa kutoa jibu analodhani litampa sifa au faida badala ya lile analolijua kuwa kweli, na hudai kwamba dawa yake ni kumhoji mtu faraghani, kwa Lubukusu, lugha yake, baada ya kuyafanyia maswali majaribio ya awali kwa watu wachache ili yanayochanganya yaonekane mapema. Dawa hiyo ni ghali, na ina ladha mbaya: watu wakishaachwa huru husema.

Umri usimsumbue mtafiti. Mzee wa Kibukusu asiye na cheti cha kuzaliwa atataja rika lake, mojawapo ya manane yanayozunguka kwa zamu, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, na pengine ataongeza ni Agosti ya mwaka gani wa shufwa alipotoka mtoni akiwa amepakwa tope kusimama mbele ya mtahiri. Mtu aliyetayarisha kalenda ya matukio, yaani orodha ya mambo makubwa ya mahali na miaka yake, angeoanisha majibu hayo akapata umri wa kuaminika. Mtaalamu huandika 60, ambao ni umri wa heshima. Günter Wagner, Mjerumani aliyekuja katika miaka ya 1930 kuwachunguza Wamaragoli na Wabukusu, alikaa akijifunza mambo ya namna hii kwa miaka, juzuu yake ya kwanza ikatoka 1949 na ya pili 1956, akiwa amekwisha kufariki, mfano wa kusikitisha wa mtu aliyeanza kazi bila hitimisho mkononi.

Limebaki suala la ridhaa, yaani kibali anachotoa mhojiwa baada ya kuelezwa anachoulizwa, jinsi majibu yake yatakavyotumika, na kwamba anaweza kukataa bila kupoteza chochote. Sheria ya Kenya humtaka mtafiti kupata leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2013, na sheria ya mwaka 2019 inalinda taarifa binafsi za raia. Mtaalamu anaziheshimu sheria hizi kwa kutozisoma, ili asije akazivunja kwa makusudi, na ridhaa ya watu wa Kabuchai anaihesabu kuwa ilikwisha kupatikana siku ile walipomkaribisha chai.

Ripoti ya utafiti wa Mtaalamu itazinduliwa katika hoteli mjini Nairobi, ambako wahojiwa wote wanakaribishwa kwa nauli yao wenyewe. Maswali kuhusu mhadhara huu yapelekwe kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi, na Mtaalamu atayajibu yale ambayo majibu yake yamekwisha kuchapwa.