Mjomba Mjuzi Anajibu: Ng'ombe, Tope na Jogoo

*Mjomba, Jumamosi mume wangu anataka tuwapeleke watoto shambani kwa rafiki yake Kibada, wakaone ng'ombe akikamuliwa. Masika ndiyo kwanza imeanza, njia ni tope, na kitinda mimba wangu anaogopa hata kuku. Nifanyeje? — Mama Mapacha, Tandika*

Mama Mapacha, umefika kwenyewe. Ila kwanza wasomaji wapya wajue wanasoma nani. Mimi ndiye niliyemshauri jirani afuge bata badala ya mbwa, na tangu hapo mwizi hajavunja mlango wake hata mara moja. Bata wenyewe waliibiwa, lakini hiyo ni mada nyingine.

Tuje kwenye kukamua. Watu wa mjini wanadhani ni kuvuta. Nani kawadanganya? Chuchu haivutwi! Unaibana juu kwa kidole gumba na cha shahada, kisha vidole vingine vinafuata kimoja kimoja kuyasukuma maziwa chini. Kabla ya hapo kiwele kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, kinakaushwa kwa kitambaa safi, na mkamuaji anatulia, kwani ng'ombe aliyeshtuliwa hukuzuilia maziwa. Mimi wakiniona tu wanapanga foleni, jambo ambalo abiria wa Mbagala Rangi Tatu limewashinda hadi leo.

Mapacha watataka kuonja palepale. Thubutu! Maziwa mabichi yanaweza kukuachia homa ya brusela, inayokuja na kuondoka huku viungo vikiuma. Yachemshwe kwanza. Hata mimi, pamoja na mwili huu wa chuma, nachemsha.

Wakiuliza ndama katoka wapi, usikohoe. Waambie ng'ombe hubeba mimba miezi 9 na siku kidogo, mbuzi miezi 5. Swali litakalofuata, mpe baba yao.

Njia? Piteni Kongowe, au Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni lililofunguliwa 2016. Enzi zetu ilikuwa pantoni tu, na nahodha hang'oi nanga mpaka aniulize mimi upepo umekaaje. Kuhusu tope, kila mtoto avishwe mfuko wa saruji kwenye kila mguu, ufungwe kwa kamba ya katani. Gambuti nazo zinafaa, kwa watu wasio na ubunifu.

Sasa huyo mwoga wa kuku. Dawa ni kumfanya kuku amwogope yeye. Kuanzia leo, kila alfajiri, apande juu ya ndoo uani awike. Majirani wakilalamika, waambie ni maagizo yangu. Na kama siku hiyo rafiki wa mumeo anachanja kuku dhidi ya kideri, basi mmepata bahati: mtoto aombewe akae jirani kabisa. Chanjo ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila miezi 3. Akishamwona jogoo mkali kashikwa mabawa, anapepesa kijicho kimoja kilicholowa, heshima yote itamwisha. Ila anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chapati.

Mhariri ananionyesha saa, wivu tu. Basi nendeni! Mtoke gizani, maana kukamua ni alfajiri, mkichelewa mtaangalia ng'ombe wakicheua. Mume ambebe kitinda mimba. Na lita yangu moja iletwe ofisini, ikiwa imeshachemka.