Shoka la Mwenyekiti Nyani

Katika msitu wa Malava, huko Kabras, wanyama walikuwa na shoka moja tu, fupi na zito. Nungunungu alilitumia kuwapasulia wote kuni, na jioni lilirudi jikoni kwa Senje Kanga.

Mvua za masika zilipoanza, Nyani, mwenyekiti wao, alitokea barazani na shoka jingine. Mpini wake ulimfika kidevuni. Bapa lilikuwa pana, makali yanang'aa. "Hili ndilo shoka la uongozi," alisema, akalitia begani. Makofi yakarindima. Mimi huwalaumu waliopiga makofi kuliko Nyani mwenyewe.

Korongo, ambaye hukimbia baridi ya Ulaya kila mwaka, alilitambua. "Mwaka 1066, pale Hastings, Uingereza, walinzi wa Mfalme Harold walipigana na mashoka kama hili. Bapa hufuliwa jembamba ili lipasue nyama na mfupa, si gogo. Tena linataka mikono miwili. Mwenye kulishika hana mkono wa ngao."

"Basi ngao atashika nani?" Fuko akauliza.

"Funo," akajibu Nyani.

Tangu siku hiyo Funo hakulima tena. Sungura akateuliwa kumsimamia Funo, Kima akateuliwa kumsimamia Sungura, na wote watatu wakawa wanakula kwenye ghala la wengine. Palizi ya kwanza ikapita bila watu shambani. Mahindi yakawa ya manjano, magugu yakanawiri.

Usiku mmoja upepo ukaangusha mti mkubwa, ukaziba njia ya mtoni. Nyani akaja na msafara wake. Alipiga mara tatu, makali yakameguka. Akatangaza kwamba mti ule umetumwa na maadui. Nungunungu hakubishana naye. Alianza kukata matawi, kisha gogo, na kufikia alasiri akina mama walikuwa wakipita na mitungi yao.

Barazani, Kuka Kobe akasimama. "Mwenyekiti, tunamtaka Funo arudi shambani."

"Nani atanikinga?"

"Nani amekuja kukupiga, mwanangu, tangu ulibebe shoka hilo?"

Nyani akataja Chui. Chui, aliyekuwa juu ya tawi, akasema hajawahi kulisogelea boma la Nyani.

Wakauchukua mpini wa shoka lile, wakaukata vipande vitatu, vikawa mipini ya majembe. Kimoja akapewa Nyani, akapimiwa mistari yake ya mahindi kando ya ile ya Funo.