Mbao za Mjomba

Wasifu wa marehemu ni andiko moja tu nchi nzima, hubadilishwa jina na tarehe. Alizaliwa, akabatizwa, akasoma, akaoa, akajaliwa watoto, akaanza kusumbuliwa na presha, na pengo lake halitazibika. Mjomba alipofariki kule Usangi, milima ya Upare, kazi ya kuliandika niliangushiwa mimi, kwa kuwa ndiye mpwa aishiye Dar es Salaam na mwenye kompyuta. Nikajitahidi. Kurasa mbili zilizojaa, na kila aya ina kichekesho, maana bila vichekesho mjomba angebaki koti tu.

Kamati ya mazishi ikaketi chini ya mgomba na kalamu nyekundu. "Hili la pombe ya dengelua la nini?" Likafutwa. "Na hili la betri?" Likafutwa. "Habari za mbao ndiyo kabisa, tunamzika mzee wa kanisa hapa." Wakanirudishia nusu ukurasa ambayo ingeweza kusomwa kwenye kaburi la katibu yeyote wa chama cha ushirika, na yeye mwenyewe asijitambue.

Sasa kwa kuwa hapa kamati haina kalamu, niseme.

Ujana wake mjomba alifanya kibarua kwenye ujenzi wa bwawa la Nyumba ya Mungu, miaka ya 1960. Ukimsikiliza, utadhani alilijenga peke yake na wahandisi walikuwepo kumshikia ndoo. Siku mbingu zikiwa safi alitupeleka ukingoni mwa mlima, akatuonyesha maji yanavyong'aa kule chini, akasema, "Pale ndipo nilipoweka jiwe la mwisho, yakatulia." Tulipopeleka taarifa hiyo shuleni, mwalimu wa jiografia alituchapa.

Mshahara wa bwawani alinunulia redio. Redio hula betri, na betri zina bei, kwa hiyo za mjomba hazikuruhusiwa kufa. Asubuhi zilipangwa juu ya bati ziote jua, mvua ikinyesha zilihamishiwa kando ya mafiga, na zikikata roho kabisa alizing'ata kwa meno ya pembeni hadi zipate nguvu ya kumalizia matangazo ya vifo. Betri moja iling'atwa kiasi kwamba ikawa na kiuno.

Kutokana na betri hizo, mjomba alifariki akiwa na historia yake binafsi ya mpira wa Tanzania. Yeye Yanga damu. Tarehe 19 Julai 1977, siku Simba ilipoifunga Yanga 6-0, redio yake ilizimika baada ya bao la pili. Akaing'ata, haikuwaka. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba mechi ile ilizidi mbili bila. "Hayo mengine nani kayasikia? Mimi niliyekuwepo redioni nilisikia mawili." Kwa upande mwingine, tarehe 5 Novemba 2023, Yanga ilipoifunga Simba 5-1, aliyasikia mabao yote, kwenye simu ya mjukuu. Kwa wiki kadhaa alisalimia watu kwa kunyanyua kiganja, vidole vyote vitano vimetanuka, kanisani na msibani. Mchungaji, mgeni wa kutoka Mbeya, alidhani mzee anambariki, naye akawa anainamisha kichwa.

Turudi kwenye mbao. Mjomba aliamini kwamba mtu anayengoja afe ndipo jeneza linunuliwe amekubali kuibiwa, maana maiti hapatani bei. Basi akiwa bado na nguvu zake, hajaugua hata kikohozi, aliteremka bondeni akanunua mbao za mninga, akazipandisha mlimani, akazilaza darini. Mkaza mjomba alihamia jikoni, akasema halali chini ya kaburi. Ili kumtuliza, mbao zikashushwa. Zikishakuwa chini, nani ataziacha zikae bure?

Zilianza kuwa kitanda cha wageni. Likizo zangu zote za shule ya msingi nililala juu ya jeneza la mjomba. Asubuhi aliingia na kikombe cha uji, akakaa pembeni na kuuliza kwa makini sana, "Umelalaje, mpwa? Miguu inafika? Kunabana? Niambie mapema, mimi ni mrefu kuliko wewe."

Baadaye zikawa jukwaa la maharusi, harusi baada ya harusi, naye wa kwanza kupanda kucheza, kuhakikisha zinahimili. Kisha zikaanza kuazimwa. Ubao mmoja kwaya, wakaufanya benchi. Mwingine mlango wa banda la kuku la jirani. Mwingine ukavuka mfereji, wanafunzi wakaupita kwenda shule. Mjomba hakuweza kumnyima mtu, ila alitoa sharti moja kwa wote: nikifa, mrudishe. Mtu gani atakumbuka sharti la namna hiyo kwa mzee anayecheza juu ya jeneza lake?

Matokeo yake alizikwa kwenye jeneza la kununua mjini, lenye vishikio vya dhahabu bandia. Maiti hapatani bei, na sisi wafiwa pia hatukuweza.

Wasifu ukasomwa. Watu wakapiga miayo kwa heshima. Hapo ndipo alipotokea Mangi.

Mangi ni Mchaga wa Rombo mwenye duka kijijini, na Wapare na Wachaga ni watani. Utani ni mkataba mzito kuliko hati ya shamba. Wazaramo na Wanyamwezi wanao tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, Wangoni na Wahehe waliupata baada ya kuuana vitani, na sisi tumeupata kwa kutazamana kupitia mpaka na kuhesabiana hela. Msibani mtani hana adabu, na mfiwa hana ruhusa ya kununa.

Alikuja amevaa koti la mjomba, kofia ya mjomba, redio begani, anatembea kwa ule mwendo wake wa goti moja bovu. Mkaza mjomba alipomwona akashika mdomo kwa khanga. Mangi akapanda juu ya kifusi, akakalia majembe na machepe yote, akang'ata betri, akaitema.

"Hazikwi mtu," akasema kwa sauti ya mjomba hasa. "Mbao zangu ziko wapi?"

Mchungaji akafunga kitabu akitafuta njia ya kutokea. Mzee mmoja akamvuta kanzu: tulia baba, hii nayo ni ibada. Mangi akafungua mahakama palepale. Kwaya! Wakasimama, wakakiri benchi, wakatozwa faini ndani ya kofia. Mwenye banda la kuku! Akakiri. Mwalimu mkuu akalipia ubao wa mferejini, akidai risiti. Watu waliokuja kulia walikuwa wanajifuta machozi ya namna nyingine, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona kwamba tunamzika yeye, siyo yule wa kwenye karatasi.

Kisha sauti nyembamba ikatoka chini ya khanga. "Kaunta ya duka lako, Mangi."

Makaburi yakalipuka. Kumbe! Miaka yote tumenunua chumvi na kiberiti juu ya mninga wa mjomba. Mangi akachuma jani la sale lililokuwa mpakani mwa shamba, akapiga magoti mbele ya jeneza kuomba msamaha kwa mila ya kwao, akatumbukiza noti ya elfu kumi kofiani. Mpare mmoja akapaza sauti kwamba ipigwe picha, Mchaga katoa hela bila kupewa bidhaa. Majembe yakaachiwa, tukazika.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Matanga yalipokwisha, Mangi alimletea mkaza mjomba bili: gharama za kutunza ubao, kuupiga vanishi na kuulinda dhidi ya mchwa. Alikuwa anatania, nadhani. Mkaza mjomba hakutania. Mpare haandikiwi bili akanyamaza. Kamjibu kwamba wataonana baraza la kata, na kwa gharama za kesi ameuza mbuzi wawili ambao kila mmoja anauzidi thamani ubao wenyewe. Shahidi wa kwanza ni mimi, kwa kuwa niliulalia, na nauli ya basi nimeshatumiwa kwenye simu.