Heko, Hoja Mbovu

Hoja mbovu imenisumbua miaka mingi, na mtu aliyekaa nami muda wote huo anastahili walau kusifiwa mara moja. Leo naisifu.

Sifa yake kuu ni ubanaji wa matumizi. Hapa Likasi kila kitu ni pesa: maji ni pesa, makala ya kupikia ni pesa, unga wa bukari ni pesa, hata kuchaji simu kwa jirani mwenye jenereta ni pesa. Hoja nzuri nayo ni ghali mno. Ukitaka kuonyesha kwamba mchango wa watu umeliwa, utahitaji daftari. Daftari liko kwa mweka hazina. Mweka hazina yuko matangani. Akirudi, ufunguo wa kabati anao mke wake, naye yuko kwaya. Daftari likipatikana litolewe kopi, na umeme umekatika. Kufikia hapo nauli ya juma zima imekwisha, na bado hujafungua mdomo. Hoja mbovu haidai kopi wala nauli. Inasemwa gizani na kusikika vizuri. Tena gizani ndiko kwake, maana msemaji haonekani akicheka. Kama hoja zingepikwa, ile nzuri ingemaliza gunia la makala na bado iwe mbichi katikati. Mbovu inaiva kwa majani makavu, na watu wanashiba.

Sifa nyingine nazipitia tu. Haibagui mwenye diploma na asiyenayo. Haizeeki: Aristotle aliorodhesha aina 13 zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na zote bado ziko kazini. Hakuna mtambo wa kiwanda cha Shituru, hapa kwetu, utakaodumu hivyo.

Sisi hoja nzuri tulikutana nayo katika somo la falsafa, mwaka wa mwisho wa sekondari. Watu wote hufa. Socrates ni mtu. Basi Socrates atakufa. Tuliandika, tukafaulu, tukarudi nyumbani. Hakuna mwalimu aliyetuonya kwamba mtaani wataanza kwa kuuliza Socrates ni mtoto wa kabila gani.

Jumapili moja, mtaani kwetu Kikula, chini ya mwembe, nilisimama kwenye kikao cha avenyu yetu nikauliza kwa heshima zote: "Wazee wangu, pesa ya bomba la maji iko wapi?"

Mweka hazina akajibu: "Na weye, papa, mwezi wa tatu ulilipa?"

Sikulipa. Nilikiri. Makofi yakapigwa, kana kwamba deni langu ndilo lililokula ya wengine.

Mzee mmoja akanyanyuka na fimbo yake: wakati wa Wabeleji, mji ungali unaitwa Jadotville, robine zilitoa maji usiku na mchana. Huenda, ila daftari letu hakulishika Mbeleji. Wa tatu akakumbusha kikao kwamba sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima, 1945, ilichimbwa hapo jirani, Shinkolobwe. Mji uliotoa bomu, akasema, hauulizwi habari za bomba. Hii, kusema kweli, niliipenda. Niliiandika kiganjani.

Kisha kijana mmoja, nyuma kabisa, bila hata kusimama: "Kwanza weye unatokaka wapi?"

Hapo kicheko kilinitoka. Swali hilo tunalijua hapa, na tunajua lilikotufikisha. Agosti 1992, Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu na Mkutano Mkuu wa Taifa huko Kinshasa. Hoja iliyofuata huku kwetu Katanga ilikuwa fupi: mtu wao amepata cheo, basi wao watoke. Wao ni nani? Ni fundi, mwalimu, muuza mkate, wengi wao wamezaliwa hapa hapa, wajukuu wa watu walioletwa na kampuni ya Union Minière kuchimba shaba. Wanasiasa walikuwa wamekwisha kuwaita bilulu, wadudu, na mdudu hadaiwi ushahidi. Familia kwa familia zililala stesheni ya Likasi na mashuleni, magodoro na masufuria kando yao, zikingoja treni. Wengine walifia pale pale. Hakuna aliyedai daftari wala kopi. Ilikuwa rahisi mno, nami hapo juu nimeusifu urahisi huo kwa aya nzima.

Kijana yule hakuwa amezaliwa mwaka ule. Mtu alimfundisha. Nilimtazama mweka hazina. Alikuwa anatazama saa, ametulia, kama mtu aliyefutiwa deni. Mwenyekiti akafunga kikao kwa sala.

Hadi leo bomba halijawekwa, na watoto wanabeba bidoni kutoka avenyu ya tatu. Kikao kijacho ni Jumapili baada ya ibada, chini ya mwembe ule ule. Nimeshalipa deni langu la mwezi wa tatu, na risiti ninayo. Kama unayo yako, njoo nayo.